Kijana anayejitolea shambani kiangazi: mpangie siku kwa kufuata jua

Kanda ya Ziwa si jangwa. Mwanza hupata takriban milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, wakati bonde la Arava kusini mwa Israeli halifikishi hata 50. Lakini kati ya Juni na Septemba, kwenye udongo wetu wa kichanga, ule uitwao luseni, bustani ya nyanya hudai matunzo ya jangwani, na kijana aliyekuja kujitolea huchomwa na jua kweli kweli. Wenzetu wa jangwani huingia shambani kabla jua halijachomoza, mchana hupumzika, jioni humalizia. Huku kwetu wenyeji wengi humsubiri mgeni anywe chai, wakamkabidhi jembe saa 3 na kumtoa saa 8. Hapo tunamuumiza mtu na mazao pamoja.

Kazi ianze saa 12 asubuhi, na ya kwanza iwe kumwagilia. Tuta la mita 1 kwa 10 lenye nyanya zilizokwisha kukua hutaka lita 40 hadi 60 kwa siku za jua kali, yaani ndoo 2 hadi 3 za lita 20. Elekeza maji kwenye shina, si juu ya majani. Majani yanayolala yakiwa yameloa hukaribisha magonjwa ya ukungu. Mchicha na sukuma wiki za kupeleka sokoni zichumwe saa hizo hizo na kuwekwa kivulini.

Sasa suala la maji yenyewe, ambalo naomba lisichukuliwe kirahisi. Mwambao wa Ziwa Victoria una kichocho. Vimelea vyake hutoka kwenye konokono wa majini kwa wingi zaidi jua likiwa kali, karibu na adhuhuri, na huingia mwilini kupitia ngozi. Kwa hiyo kumtuma kijana akasimame ziwani saa 6 mchana na ndoo ni kumtafutia ugonjwa. Kuchota alfajiri hupunguza hatari lakini hakuiondoi. Tumia pampu, na pale isipokuwepo, mpe gambuti ndefu zisizovuja. Maji yakikaa siku mbili kwenye tangi lililofunikwa, lisiloingiwa na konokono, vimelea hufa. Aliyekwisha kuingia majini apelekwe zahanati akapimwe, kwani dawa ipo. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, basi bustani ikae nyuma ya hapo, na maji yaifuate kwa bomba.

Ukiweza kununua mipira ya matone, ile yenye vitundu vya kudondoshea maji kidogo kidogo, weka na chujio. Maji ya ziwa yana mchanga na ukoga, na vitundu vidogo huziba upesi. Kufungua ncha za mipira kila wiki ili uchafu utoke ni kazi nzuri ya kumfundishia mgeni.

Matandazo ndiyo nguzo ya kiangazi. Majani ya mpunga kutoka kwenye majaruba, ambayo wengi huyachoma moto, yatandazwe unene wa sentimita 5 hadi 10, yakiachwa mbali kidogo na shina ili mchwa wasilifikie.

Saa 5 hadi saa 10 watu wawe kivulini: kuchambua mbegu, kushona viroba, kuandika daftari la shamba. Asiyezoea joto afanye sehemu moja ya tano tu ya kazi siku ya kwanza, kisha aongezewe kidogo kidogo kila siku. Anapokuwa juani, anywe kikombe cha maji kila baada ya dakika 15 hadi 20, asingoje kiu. Akianza kuyumba au kuongea ovyo, mlaze kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, na tafuta usafiri wa hospitali papo hapo. Usimnyweshe chochote akiwa hajitambui.

Kuhamisha miche kufanyike jioni, kuanzia saa 10, ili ipate usiku mzima wa kushika. Na kijana akilala shambani kulinda pampu, mpe chandarua chenye dawa. Mbu wa pembeni mwa ziwa hawana kiangazi.