Jinsi ya kuomba ruhusa ya kung'oa nanga, na kuing'oa bila kuumiza mtu

Wengi wanadhani kung'oa nanga ni kuwasha winchi tu basi, kumbe kazi inaanzia kwenye redio. Ukiwa eneo la nanga la bandari huondoki mpaka kontroli, yaani wanaoongoza meli bandarini, wakuruhusu, na usiwaite kama hujawa tayari, wakikwambia ng'oa sasa hivi na injini bado imelala unawavurugia foleni wenzako wote.

Kwa hiyo anza na injini rumu, wape taarifa mapema kadiri nahodha alivyoagiza, wajaribu injini na usukani na wawashe pawa ya winchi. Sarahangi, yaani mkuu wa mabaharia wa sitaha, na watu wake waende omo, yaani mbele ya meli, na helmeti, miwani, glavu, na redio ya mkononi ambayo imeshajaribiwa.

Sasa ita kontroli kwenye chaneli yao ya kazi. Chaneli 16 ni ya dharura na kuitana tu, usipigie stori pale. Taja jina la meli, kolisaini (alama ya meli ya kuitana redioni), mlipo, mnakoenda, meli imeingia majini mita ngapi mbele na nyuma, kama mnataka rubani wa bandari, halafu omba ruhusa. Wakijibu warudishie maneno yao yaleyale na uandike saa kwenye logi, kitabu cha kumbukumbu za meli. Ila ruhusa sio kinga, meli inayopita mbele yako utaiona wewe, sio wao.

Huku omo mpangilio ni mmoja: breki imefungwa, ingiza klachi, hakikisha meno yameingia yote na pini imekaa, ndo ufungue kizuizi cha mnyororo, mwisho kabisa ulegeze breki. Ukilegeza breki kabla ya klachi kushika, mnyororo unakimbia na hakuna wa kuusimamisha kwa mkono. Mtu asisimame kwenye mstari wa mnyororo, na stoo ya mnyororo isiwe na mtu ndani.

Ukianza kuvuta fungua maji ya kuosha tope, na anayechungulia chini aripoti mnyororo unaelekea wapi na shekeli ngapi zimebaki, shekeli ni kipande cha mnyororo, moja ni mita 27.5. Kwenye kuripoti uelekeo kwa saa ndo sisi Waswahili tunajichanganya, saa 12 ni namba iliyoandikwa kwenye uso wa saa yaani mbele ya meli, sasa wewe ukisema "saa sita" kwa mazoea, wa juu kwenye chumba cha usukani anaelewa mnyororo umeenda nyuma chini ya meli.

Winchi nyingi zimeundwa kuvuta kama mita 9 kwa dakika, so shekeli moja ni dakika tatu hivi. Ikianza kugugumia na mnyororo umekaza kama kamba ya gitaa, SIMAMISHA. Winchi kazi yake ni kuinua nanga, sio kuvuta meli, mwambie nahodha asogeze mbele taratibu kwa injini mpaka mnyororo ulegee ndo uendelee, maana ukiilazimisha mota ya haidroliki inaweza kupasuka na vipande vinaruka usoni kwa aliyeshika mkono wa winchi.

Nanga ikiachana na chini, ripoti, shusheni tufe jeusi, ile alama ya mchana kwamba meli imetia nanga, au kama ni usiku zimeni taa za nanga muwashe za safari. Iangalieni ikitoka majini isije ikawa imenasa kebo au mnyororo wa mtu. Ikishakaa mahali pake funga breki, weka kizuizi, toa klachi, halafu waambie kontroli nanga iko juu saa ngapi.