Aljebra lineari: soma matrisi kwa kolone, determina itakuja nyuma

Bakadogo ba L1 (mwaka wa kwanza wa univerisite), kila mwaka egzame zikikaribia munaniuliza ile ile, yaya, aljebra lineari inasomwaka namna gani. Bon, leo naandika mara moja. Mimi mwenyewe hii kozi iliniangusha ku sesyo ya kwanza, 6 ku 20, na haikuwa uvivu, nilikuwa nimekariri formule zote za determina (namba moja inayohesabiwa kutoka matrisi, ile meza ya namba), njia ya Sarrus, ya kofakteri, yote, sasa siku ya egzame bakauliza tu kama sistemi (ekwasyo kadhaa pamoja) iko na solisyo, nikahesabu determina, nikakuta sifuri, nikabaki naangalia karatasi sawa mutu aliyeshushwa pale Nyawera ya Bukavu usiku na hajui anaelekea wapi.

Determina sifuri inakuambia kuna shida, haikuambii shida gani. Kwa kuona shida gani, anza na kolone, zile namba za matrisi zinazosimama moja chini ya ingine.

Chukua soko ya Kadutu. Mama wa kwanza ananunua kopo 2 za sambaza na kopo 1 ya maharagi, analipa franka 7000. Wa pili ananunua kopo 4 za sambaza na 2 za maharagi, analipa 14000. Bei ya kopo ni ngapi? Huwezi kujua! Juu mama wa pili amefanya tu mara mbili ya wa kwanza, hajakuletea habari mpya. Sambaza inaweza kuwa 2000 na maharagi 3000, ao 2500 na 2000, ao 3000 na 1000, zote zinakubali. Na kama mama wa pili alilipa 15000? Apo hakuna bei yoyote inayoweza kukubali, mumoja kati yao aliibiwa.

Sasa iandike sawa matrisi: mustari wa kwanza 2 na 1, wa pili 4 na 2. Usisome mistari, soma kolone, (2,4) ni ya sambaza, (1,2) ni ya maharagi. Kuzidisha matrisi na vekteri (namba zilizopangwa kwa mufuatano) ni kuchanganya kolone, unachukua kiasi fulani ya hii na kiasi fulani ya ile, basi. Hizi kolone mbili ziko ku mustari mumoja, ya kwanza ni mara mbili ya ya pili, kwa hiyo uchanganye namna unataka hutatoka mule. Hesabu malipo kwa maelfu: (7,14) iko mule, (7,15) iko inje. Swali lote la "kuko solisyo ao hapana" njo ile: vekteri ya kuume, ile ya malipo, iko ndani ya mahali kolone zinafika, ao iko inje?

Na angalia vizuri zile bei. Kutoka ya kwanza kwenda ya pili, sambaza imepanda 500, maharagi yameshuka 1000, na jumla haikusogea. Ile (500, -1000) njo iko ndani ya kiini, zile vekteri zote matrisi inazigeuza sifuri, ile profesa anaitaka noyau. Rangi (si ya kupaka ukuta, ni hesabu ya kolone zinazoleta kitu kipya) ni 1, kiini iko na dimansyo 1 (njia moja tu ya kusogea), na 1 + 1 inatoa 2, hesabu ya kolone zote. Teoremi ya rangi umeishaielewa na haujafungua silabusi.

Kisha fanya Gauss (kutoa mustari ndani ya mwingine mpaka namba za chini zigeuke sifuri) kwa mukono, kila siku sistemi mbili, mpaka vidole vizoee. Mustari wa pili toa mara mbili ya wa kwanza, unabaki na 0 = 0 ao na 0 = 1000, na ile ya mwisho njo wizi wa Kadutu. Makosa mengi ni ya alama tu, toa ya toa, kwa hiyo rudisha jibu lako ndani ya sistemi ya mwanzo, inachukua nusu dakika.

Determina kwa kufungua formule nzima, iache. Ya 3 kwa 3 iko na vipande 6, ya 4 kwa 4 iko na 24, ya 5 kwa 5 iko 120, ya 10 kwa 10 inapita milioni 3. Shusha kwa Gauss, zidisha zile za diagonale (kutoka juu kushoto mpaka chini kuume), geuza alama kila mara ulipobadilishana mistari, umemaliza.

Definisyo zisome kwa sauti na uzieleze mwenzako kwa Kiswahili, ata kuran ikikatika, hii haiombe taa. Ukishindwa kumueleza, hujaelewa, ulikariri.

Valeri propre (namba ambayo matrisi inazidisha nayo vekteri fulani bila kuitoa ku mustari wake) zinaogopesha bure. Rudia ile matrisi yetu: ipe (1,2), inakurudishia (4,8), yaani (1,2) mara 4. Ipe (1,-2), ile ya kiini, inarudisha sifuri. Basi valeri propre ni 4 na 0, jumla yake 4, sawa na 2 + 2 ya diagonale, na 4 mara 0 ni determina. Kila mara fanya hii kontroli mbili mbele ya kutoa karatasi.

Kesho badilisha namba moja tu: ile 2 ya mwisho ya matrisi iwe 3, mama wa pili abakie na 15000. Tafuta bei, rangi, kiini. Ukikuta sambaza 3000 na maharagi 1000, na hakuna bei ingine, uje tuanze baze, zile vekteri chache zinazotosha kujenga zingine zote.