Jinsi ya kumnasa shomoro kwenye Dwarf Fortress bila kupoteza akili

Dwarf Fortress ni gemu ya kompyuta ambapo unaongoza vibeti, watu wafupi wa hadithi, wanaojenga na kuishi kwenye ngome yao. Jambo la kwanza, acha kumtafuta shomoro kama unavyomtafuta mbuzi. Gemu inawahesabu ndege wadogo kundi moja na panya na vyura, yaani huwezi kumtuma askari akawapige wala kuwafunga kamba, wanaonekana kidogo hapo nje halafu hao, wamepotea.

Kwa hiyo unahitaji mitego. Nenda kwa seremala, agiza mitego ya wanyama kama mitano hivi, ya mbao inatosha kabisa, halafu jenga karakana ya mtega viumbe wadogo na uangalie kuna kibeti aliyepewa kazi ya utegaji, maana wengi wanasahau hapo halafu wanalalamika gemu mbovu. Ndani ya karakana unaagiza akamate kiumbe mdogo akiwa hai. Mtego mtupu usipokuwepo kazi inafutwa palepale. Na huchagui ndege! Anaweza kukuletea chura mara tatu mfululizo, vumilia tu.

Sasa paka. Hapa ndo mimi niliumia, nilikuwa na paka sita ngomeni nikajiona mjanja sababu panya wameisha stoo, kumbe paka hawabagui, kila nikipita getini nakuta vimabaki vya viumbe wadogo vimetupwa chini na mitego yangu iko mitupu wiki nzima. Nikawafungia paka kwenye kizimba, ndo mambo yakaanza kusogea.

Ukishampata, agiza afugwe kwenye karakana ileile. Mtego wenye kiumbe ndani unawekwa kwenye stoo ya wanyama, kwa hiyo tenga eneo mapema, siyo lazima liwe kubwa.

Kabla ya yote lakini fungua maelezo ya vibeti wako mmojammoja usome wanapenda nini, kuna wengine wameandikiwa kabisa kiumbe fulani wanachokipenda. Ukimkuta anayependa shomoro huyo ndo wa kumfikiria kwanza, na kizimba chenye shomoro huyo kikijengwa sehemu anayopita kila siku, kama ukumbi wa kulia, utaona raha yake.

Ah, na ukikaa kwenye nchi za pori kali ukaona shomoro mkubwa, aisee huyo siyo wa mtego wa seremala, ingiza watu ndani kwanza.