Somo: Kutoa fafanuzi za viu, fankisheni na triga za PostgreSQL kwenye mafaili kwa kutumia wakala wa AI

Chukua mfumo wa AMCOS (chama cha ushirika wa mazao) ya kahawa kule Mbozi. Makato ya pembejeo, malipo ya awali na malipo ya pili ya mkulima yanaweza kuwa yanakokotolewa na fankisheni (vipande vya msimbo vyenye jina) zilizokaa ndani ya kanzidata tu, hazimo kwenye faili lolote. Fundi akibadilisha moja jioni, asubuhi hamna pa kulinganishia. Hapa tunazitoa zote, pamoja na viu (hoja za SELECT zilizohifadhiwa kwa jina) na triga (zinazojiendesha data ikibadilika), kila moja na faili lake, ziingie Git, mfumo unaotunza historia ya mafaili.

Shika hili kabla ya yote: wakala (programu ya AI inayoandika na kuendesha msimbo) aandike skripti ya kuchota, asinakili fafanuzi yeye mwenyewe. Ukimwambia "soma fankisheni hizi uziandike kwenye mafaili", modeli inaziandika upya neno kwa neno, na kwenye ndefu inaweza kuruka mistari, kufuta maoni au kurekebisha kitu ambacho hukuomba. Faili litaonekana safi kabisa, na kosa utaliona siku ya malipo.

Hatua ya 1: akaunti ya wakala

```
CREATE ROLE msomaji LOGIN;
GRANT CONNECT ON DATABASE amcos TO msomaji;
```

Nywila iweke kwa `\password msomaji`, kisha iandike kwenye `~/.pgpass` yenye ruhusa 600 (Windows ni `%APPDATA%\postgresql\pgpass.conf`). Usiibandike kwenye mazungumzo na wakala.

Usimpe SELECT kwenye jedwali lolote. Fafanuzi zimo kwenye katalogi za mfumo, `pg_proc`, `pg_rewrite` na `pg_trigger`, ambazo kila akaunti inazisoma. Namba za simu na madeni ya wanachama hayana sababu ya kupita kwa modeli iliyo kwenye seva za nje, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu hata kama chama ni kidogo. Angalia pia fankisheni za SECURITY DEFINER: PostgreSQL humpa kila mtu (PUBLIC) ruhusa ya kuiendesha, EXECUTE, fankisheni inapoundwa, na hizo za SECURITY DEFINER hutumia mamlaka ya mwenye nazo, si ya anayeziita. Ziondolee PUBLIC ruhusa hiyo, kisha uwape EXECUTE wale tu wanaozihitaji.

Hatua ya 2: maagizo

Mpe maneno kama haya:

"Andika skripti ya Python yenye psycopg. Kwanza iweke search_path kuwa pg_catalog. Ichote viu, fankisheni, prosija na triga za skima zote isipokuwa pg_catalog na information_schema. Kila kitu faili moja, UTF-8, usibadili miisho ya mistari. Usiiendeshe kabla sijaisoma. Usichapishe fafanuzi kwenye mazungumzo, chapisha idadi tu."

Hiyo search_path, yaani njia ya skima ambamo PostgreSQL hutafuta majina, ina kazi kubwa. Bila hiyo, `pg_get_viewdef` huacha jina la skima kwa majedwali yaliyo kwenye njia, na faili likiendeshwa kwingine linaweza kushika jedwali lingine lenye jina lilelile.

Hatua ya 3: soma skripti

Usiharakishe hapa. Fankisheni mbili zinaweza kuwa na jina moja: `makato(integer)` na `makato(integer, numeric)`. Skripti ikiita faili `makato.sql`, ya pili inaifuta ya kwanza kimyakimya. Jina la faili liongezewe herufi 8 za md5 (alama inayokokotolewa kutoka maandishi) ya `pg_get_function_identity_arguments`, yaani ya orodha ya vigezo vya fankisheni. Asitumie oid, namba ya ndani ya kila kitu, maana hubadilika ukihamia kanzidata nyingine.

`pg_get_functiondef` hugoma kwa fankisheni za kujumlisha (aggregate), kwa hiyo achuje `prokind IN ('f','p')`. Matokeo yake hayana nukta-mkato mwishoni, na ya `pg_get_triggerdef` vilevile, skripti iiongeze. `pg_get_viewdef` hutoa SELECT peke yake, hivyo `CREATE OR REPLACE VIEW` iongezwe mbele. Triga zenye `tgisinternal` huundwa na mfumo wenyewe, hasa kwa funguo za kigeni, ziachwe. Kama kuna PostGIS au kiendelezi kingine, vitu vyake viondolewe kwa `pg_depend` yenye `deptype = 'e'`, la sivyo utapata mamia ya mafaili yasiyo yako.

Kwenye Windows, `open()` iwe na `newline=''`. Fankisheni iliyoandikwa kwa pgAdmin inaweza kuwa na `\r\n` tayari, na Python itaongeza `\r` nyingine. Kwenye `.gitattributes` andika `*.sql -text`.

Hatua ya 4: hakiki

Linganisha idadi ya mafaili na hesabu uliyoipata kwa SQL yako mwenyewe. Yaingize Git (`git add`, `git commit`). Kisha, kwa akaunti ya msimamizi, rudisha `pg_dump -s` (nakala ya muundo bila data) kwenye kanzidata tupu ya jaribio, endesha mafaili ya fankisheni na viu kwa `psql -v ON_ERROR_STOP=1`, uchote upya kutoka jaribio kwenye folda ileile. `git diff` isionyeshe kitu.

Maswali ya wanachama

*Mafinga: Mkuu, kwa nini tusitumie pg_dump -s tu?*
Itumie, hasa kwa majedwali, kwa kuwa hakuna `pg_get_tabledef`. Ila hutoa faili moja kubwa, na akaunti ya `msomaji` haiwezi kuendesha pg_dump: hufunga majedwali kwa ACCESS SHARE, na hilo linadai SELECT.

*Vwawa: Maoni niliyoandika ndani ya viu yamepotea. Ni wakala?*
Hapana. PostgreSQL huhifadhi viu ikiwa imeshachanganuliwa, maoni hupotea siku unapoiunda. Maoni ya fankisheni za plpgsql, lugha ya PostgreSQL ya kuandikia fankisheni, hubaki. Kwa viu tumia `COMMENT ON VIEW`, na mwambie wakala aichote kwa `obj_description`.

*Tukuyu: Intaneti ikikatika katikati?*
Ikiwa seva iko ofisini kwenu, haidhuru. Skripti ikishaandikwa haimhitaji wakala. Iweke kwenye cron au Task Scheduler, ijiendeshe kila usiku.

*Makambako: Sisi tuna SQL Server, nyingine zinarudi NULL.*
Ama akaunti haina VIEW DEFINITION, ama ziliundwa kwa WITH ENCRYPTION. Chota kutoka `sys.sql_modules`, acha `sp_helptext`, ambayo huvunja mstari mrefu kila herufi 255. Na kitu kilichobadilishwa jina kwa `sp_rename` bado kina jina la zamani ndani ya fafanuzi, kwa hiyo jina la faili lichukue kwenye `sys.objects` na ulilinganishe na lililo ndani.