Kumfundisha Mwenzako wa Kiurdu Maneno ya Kiingereza: Andika Sentensi, Neno Tupu Halitoshi

Huu mwezi wa tatu, kila baada ya Isha, nakaa na dereva mwenzangu wa Lahore hapa Muscat, tunajaza daftari la maneno ya Kiingereza na maana zake za Kiurdu. Waswahili wengi huku Ghuba wanaombwa msaada kama huu, na wiki mbili za mwanzo mimi zilinipotea bure. Basi fanya hivi.

Hatua ya 1. Daftari la mistari na kalamu. Simu iwekeni kando. Kiurdu huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto. Ukikichanganya na Kiingereza kwenye mstari mmoja wa simu, maneno yanarukiana na nukta inahamia upande usio wake. Kwenye daftari, Kiingereza juu, Kiurdu chini.

Hatua ya 2. Maneno matano kwa siku, yatoke kwenye kazi yake.

Hatua ya 3. Hapa tulie, ndipo siku zangu zilipokwenda. Tuliandika "close" ni "band karna", tukapita. Siku ya tatu akaniambia "close the light". Kwa Kiurdu mlango ni band karna, na taa pia ni band karna. Sisi mlango tunafunga, taa tunazima, kwa hiyo shimo hilo sikuliona mpaka alipotumbukia. Tangu hapo kila kitenzi tunakiandika pamoja na kitu chake: "close the door", "turn off the light", na chini ya kila kimoja sentensi yake ya Kiurdu.

Jihadhari zaidi na maneno tunayofanana. Dawa kwao ni dawa, kwetu ni dawa, tukafurahi wote wawili. Lakini wao dawa wanaila, "dawa khana". Sisi tunainywa hata ikiwa kidonge. Mwingereza anasema "take". Sigara wao wanainywa, sisi tunaivuta, Kiingereza ni "smoke". Ukimfasiria kupitia Kiswahili kichwani mwako, utampa kosa lako juu ya lake.

Halafu kuna "kal". Ni jana, na ni kesho pia. "Parson" ni juzi, na ni kesho kutwa. Kitenzi ndicho kinachoamua. Kwa hiyo mbele ya "yesterday" usiandike "kal" peke yake. Andika "main kal Sohar gaya tha", yaani jana nilikwenda Sohar, na chini yake "main kal Sohar jaunga", kesho nitakwenda. Azisome zote mbili kwa sauti, kila moja na Kiingereza chake, mpaka asisite.

Hatua ya 4. Kesho yake funika Kiingereza, asome Kiurdu, aseme sentensi nzima. Zile programu za kadi zenye neno moja moja mimi sizikubali kabisa, kwa sababu zitamrudisha kulekule kwenye "close the light". Akikwama, usimtajie neno. Nyanyuka, uguse swichi ya taa, umsubiri.