Kabla ya kuonana na daktari bingwa wa mzio: mambo ya kuandaa mapema

Wengi huenda kwa daktari wa mzio wakiamini kwamba kazi yote itafanywa na kipimo. Watachomwa mkono, majibu yatasomwa, kisha wataambiwa hiki usile, kile usiguse. Mambo hayaendi hivyo. Kipimo cha ngozi au cha damu huonyesha tu kwamba mwili umetengeneza kingamwili dhidi ya kitu fulani, na wapo watu wengi wenye majibu chanya kwa chakula wanachokula kila siku bila kuumwa. Kinachomsaidia daktari kujua ukweli ni maelezo yako: ulikula au uligusa nini, baada ya muda gani mwili ukabadilika, na ukabadilika vipi. Maelezo hayo huandaliwa nyumbani, tena mapema, kwa sababu ukishakaa mbele ya daktari nusu ya mambo utayasahau.

Lakini anza na dawa, kwa kuwa ndizo zinazohitaji siku kadhaa. Vidonge vya mzio kama setirizini, loratadini, feksofenadini na klorofeniramini huzuia histamini, yaani kemikali ya mwili inayoleta muwasho na uvimbe wa mzio, na kipimo cha kuchoma ngozi hutegemea histamini hiyohiyo ili uvimbe utokee. Ukifika ukiwa umemeza kidonge jana, ngozi itanyamaza hata kwa kitu kinachokudhuru kweli. Utarudishwa nyumbani au, vibaya zaidi, utapewa majibu ya uongo. Kliniki nyingi hutaka dawa hizi zisitishwe siku 3 hadi 7 kabla, kutegemea aina ya dawa. Piga simu uulize wao wanataka siku ngapi, na uwatajie kila dawa unayotumia, hata ile unayoiona si ya mzio. Dawa nyingi za mafua na kikohozi, na baadhi ya zile za kuleta usingizi, zina kiambato cha kuzuia histamini. Jina lake huandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara, kwa hiyo geuza pakiti usome. Baadhi ya dawa za sonona, kama amitriptilini, nazo hufifisha majibu ya ngozi. Hizo usiziache kwa uamuzi wako. Zitaje tu, na daktari ataamua.

Hapa nisisitize, kwa sababu watu huumia: inhela ya pumu haiachwi. Haiharibu kipimo cha ngozi, na mgonjwa anayefika akihema kwa shida hapimwi kabisa siku hiyo. Dawa za presha na za moyo za kundi la atenololi na propranololi nazo endelea kuzimeza, ila hakikisha daktari anazijua kabla hajagusa ngozi yako, kwa kuwa zinaweza kupunguza nguvu ya adrenalini, sindano ya dharura ya mzio mkali, iwapo itahitajika kukuokoa. Na kama katika siku hizo za kukaa bila dawa midomo ikavimba au kifua kikabana, tibu hali hiyo mara moja. Kipimo kinaweza kupangwa upya.

Kuna ambao hawawezi kukaa hata siku mbili bila kidonge kwa jinsi wanavyowashwa. Wasilazimishe. Kipimo cha damu cha kingamwili aina ya IgE hakiathiriwi na dawa hizo, kwa hiyo ukilieleza tatizo lako mapema unaweza kuandikiwa hicho badala ya kile cha ngozi. Vilevile, kama umetoka kupata shambulio kali la mzio hivi karibuni, sema. Ngozi inaweza kuchelewa kurudi katika hali yake, na mara nyingi madaktari husubiri wiki 4 hadi 6 ndipo wapime.

Sasa maelezo. Chukua karatasi moja uandike kila tukio kivyake, lile baya kuliko yote likitangulia. Usiandike “nilikula samaki nikaumwa.” Andika hivi: Jumamosi saa 2 usiku nilikula samaki wa kukaanga na wali. Saa 2:15 midomo ikaanza kuwasha, saa 2:30 mabaka yakatoka kifuani na shingoni, sauti ikakwaruza, sikutapika. Nilimeza kidonge kimoja cha setirizini saa 2:40. Saa 5 mabaka yalikuwa yameisha. Mchana nilikuwa nimemeza ibuprofeni kwa ajili ya mgongo.

Mstari huo wa mwisho ndio ambao karibu kila mtu angeuacha, na huenda ndio wenye jibu. Ibuprofeni na aspirini zenyewe huweza kuleta mabaka, au zikaongeza makali ya mzio wa chakula. Pombe na mazoezi hufanya hivyo pia: mtu anakula ngano miaka yote salama, siku anapokula kisha akaenda kukimbia, anaanguka. Kwa hiyo andika ulichofanya katika saa chache kabla na baada ya chakula.

Muda nao una maana kubwa. Mzio wa chakula wa aina ya haraka kwa kawaida huanza ndani ya dakika chache hadi saa 2. Tumbo kuvurugika kesho yake asubuhi ni habari nyingine. Isipokuwa nyama nyekundu, ambayo kwa baadhi ya watu waliowahi kuumwa na kupe huleta mzio saa 3 hadi 6 baada ya kuliwa, hivyo kama huwa unaamka usiku wa manane ukiwashwa mwili mzima, kumbuka chakula cha jioni na umtajie daktari hao kupe.

Halafu kuna swali ambalo naliona kuwa na thamani kuliko yote, na wagonjwa wachache huliandaa: baada ya tukio lile, umekila tena chakula hicho? Ukikila mara kadhaa bila tatizo, mshukiwa huyo karibu anaachiliwa. Kumbuka pia alipojificha. Anayedhani ana mzio wa mayai lakini anakula keki ana jambo muhimu la kumweleza daktari, maana protini ya yai hubadilika inapookwa na baadhi ya wenye mzio huivumilia. Lakini tafadhali usiende jikoni kujaribu ili upate jibu la kupeleka. Kujaribu chakula kilichowahi kukudhuru ni kazi ya kliniki yenye adrenalini mezani. Wala usianze kumnyima mtoto maziwa, mayai na ngano kwa pamoja wakati mnasubiri miadi, kwa kuwa atakosa lishe na picha itazidi kuchafuka. Epuka kile kimoja kilichomletea madhara ya wazi, basi.

Piga picha. Mabaka ya mzio huja na kuondoka, mara nyingi kila baka halifikishi saa 24, na siku ya miadi ngozi itakuwa safi kabisa. Piga mahali penye mwanga wa mchana, moja kwa mbali na moja kwa karibu, weka sarafu kando ili ukubwa uonekane. Kama tuhuma iko kwenye chakula cha pakiti, sabuni, rangi ya nywele au krimu, piga picha ya orodha ya viambato au beba pakiti yenyewe.

Kwa anayeshuku dawa, jina peke yake halitoshi. Daktari atataka kujua ulipewa kwa ugonjwa gani, shida ilianza baada ya dozi ya kwanza au siku ya 5, na miaka mingapi imepita. Mtoto mwenye homa ya virusi akipewa antibiotiki kisha akatoka vipele, mara nyingi kosa ni la virusi, lakini dawa ndiyo inayobeba lawama maisha yote. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba takriban mtu 1 kati ya 10 ameandikwa kuwa na mzio wa penisilini, na wakipimwa vizuri, 9 kati ya 10 hukutwa hawana. Ndiyo maana sichoki kuwahimiza watu wafuatilie jambo hili: anayekwepa penisilini bila sababu huishia kwenye antibiotiki zenye madhara zaidi.

Kuhusu mafua na macho ya kuwasha, andika miezi inayokusumbua, wanyama mlio nao, unyevu na ukungu ukutani, na kama unapata nafuu ukisafiri. Taja pia pumu au ukurutu katika familia.

Majibu ya vipimo vya zamani yabebe yote. Ila usitumie pesa zako kwenye vipimo vya damu vya IgG vinavyouzwa kwa ahadi ya kukupa orodha ndefu ya vyakula vibaya. Kingamwili hiyo huonyesha kwamba umekula chakula hicho, si kwamba kinakudhuru, na vyama vya wataalamu wa mzio vimevikataa.

Siku yenyewe, vaa nguo yenye mikono inayokunjika kirahisi, na usipake losheni wala krimu mikononi na mgongoni. Matone ya maji ya vipimo huwekwa kwa safu kwenye mkono au mgongo, kisha ngozi hudonolewa kidogo kupitia kila tone. Haitoki damu ya maana. Tone moja ni histamini, ambayo lazima ivimbe, na jingine ni maji ya chumvi, ambayo hayatakiwi kuvimbisha. Baada ya dakika 15 hadi 20 uvimbe hupimwa, na ukizidi ule wa maji ya chumvi kwa milimita 3 au zaidi huhesabiwa chanya. Dakika hizo zinawasha na hupaswi kujikuna, kwa hiyo mtoto aje na kitu anachokipenda cha kumshughulisha. Mwambie kweli kwamba atahisi kudonolewa. Aliyedanganywa hatatoa mkono mara ya pili.

Kipimo cha kubandika mgongoni, kwa mzio wa vipodozi au metali, kina ratiba yake: vibandiko hukaa saa 48 bila kulowa, na utarudi zaidi ya mara moja kusomwa. Kwa hicho, vidonge vya kuzuia histamini kwa kawaida si tatizo, ila vidonge vya steroidi na krimu zake mgongoni ni tatizo, kwa hiyo uliza mapema.

Kama umeshapewa sindano ya adrenalini, iende nawe na uangalie tarehe ya mwisho wa matumizi kabla ya kutoka nyumbani. Kama hujapewa, na umewahi kubanwa pumzi au kuzimia, uliza kama unahitaji. Ukiandikiwa, omba mpango wa dharura ulioandikwa kwa lugha ambayo kila mtu nyumbani ataielewa, kisha omba kifaa cha mazoezi kisicho na sindano, ujichome nacho kwenye paja mbele ya muuguzi, na mliyekuja naye afanye vilevile.