Monita tatu, kadi zisizofanana: nilivyozipanga kwenye Dell ya mtumba

Nahariri video za harusi na sendofu hapa Tanga, kwenye chumba cha nyuma ya duka la mama mkubwa. Mashine yangu ni Dell OptiPlex 7010, ile ya mnara, yenye Core i5-3470 na RAM ya GB 16. Kazi hii kwa monita moja ni mateso. Monita ya kati naitumia kukata klipu, ya kushoto inaonyesha picha kamili ili mteja akija aone anachokipata, na ya kulia ni ya mafolda na meseji. Nimezinunua kwa nyakati tofauti, kwa hiyo matundu yao ya waya wa picha hayafanani: moja inachukua HDMI, ya pili DVI, na ya tatu, ya zamani kuliko zote, inajua VGA tu.

Kabla hujaenda dukani kutafuta kadi ya pili ya grafiki, yaani kile kifaa kinachotuma picha kwenye monita, geuza kompyuta uhesabu matundu. Nyuma ya 7010 kuna VGA moja na DisplayPort mbili za mazabodi yenyewe (ubao mkuu wa kompyuta), na zote zinaendeshwa na grafiki ya Intel iliyomo ndani ya prosesa. Hiyo tayari ni kadi, nawe umeshailipia. Shida ni kwamba ukichomeka kadi ya grafiki, mashine nyingi huizima ile ya Intel, na monita uliyoichomeka hapo inabaki giza. Wengi huamini tundu limekufa. Halijafa. Washa mashine huku unabonyeza F2 uingie BIOS, yaani mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, tafuta Multi-Display, iwashe, hifadhi, utoke. Kwenye ASUS inaitwa iGPU Multi-Monitor, kwenye MSI ni IGD Multi-Monitor. Ila angalia prosesa yako kwanza: zile za Intel zenye herufi F mwishoni, kama i5-9400F, hazina grafiki kabisa, na huko BIOS utatafuta bure.

Kadi yangu kubwa ni GTX 1050 Ti isiyo na tundu la waya wa umeme. Niliichagua kwa sababu hiyo hasa. Pawa saplai ya mnara huu ni wati 275 na haina waya wa pini sita wa kulisha kadi; sloti, yaani mahali pa kuchomekea kadi kwenye mazabodi, inatoa wati 75, na 1050 Ti ya aina hii inatosheka nazo. Ichomeke kwenye sloti ndefu ya kwanza. Sloti ndefu ya pili inafanana nayo kwa macho, lakini njia zake za data ni nne tu. Kwa kadi ndogo ya kuonyesha mafolda zinatosha, kwa kadi ya kazi ni kuinyima pumzi.

Sasa draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi, na hapa naomba usome taratibu.

Mwanzoni nilikuwa na 1050 Ti pamoja na GT 710, zote za NVIDIA, na monita zote tatu ziliwaka vizuri. Usiku mmoja, harusi ya watu ikitakiwa Jumamosi, nikapakua draiva mpya bila kusoma orodha ya kadi inazozikubali. Nilipowasha upya, kioo cha kulia kikawa cheusi. Nikabadili waya. Nikabadili monita. Nikaichomoa GT 710, nikayasugua meno yake kwa raba ya penseli mpaka yakang'aa, nikairudisha. Bado cheusi. Saa tano usiku ndipo nilipofungua Device Manager, orodha ya Windows ya vifaa vya kompyuta, nikaona alama ya mshangao ya njano pembeni ya jina la GT 710.

Sababu ni hii: kadi zote za NVIDIA ndani ya Windows moja hutumia draiva moja. Huwezi kuipa kila kadi toleo lake. GT 710 ni ya kizazi kinachoitwa Kepler, na draiva mpya za GeForce ziliacha kukihudumia kizazi hicho Oktoba 2021. Anayetaka kuzitumia pamoja arudi kwenye draiva za tawi la 470, kwa Windows toleo la 472.12, kwani linazijua zote mbili. Kata intaneti ili Windows isijipakulie draiva yenyewe, shikilia Shift unapobonyeza Restart, ufuate menyu mpaka hali ya usalama (Safe Mode), futa draiva yote kwa programu ya DDU, kisha sakinisha hiyo ya zamani. Na wewe mwenye GT 730, usiamini jina. Zipo za Kepler na zipo za Fermi, na Fermi draiva zake ziliishia namba 391. Fungua programu ya GPU-Z usome chipu: GF108 ni Fermi, GK208 ni Kepler.

Kadi za kampuni tofauti hazina ugomvi huo. Intel na NVIDIA, au AMD na NVIDIA, kila moja huja na draiva yake, na Windows imekubali mchanganyiko huo tangu Windows 7. Ndiyo maana niliitoa GT 710 nikaipa Intel kazi yake. Monita ya VGA ikaenda kwenye VGA ya mazabodi, na hilo likaniokoa na jambo jingine: 1050 Ti haitoi VGA kabisa. Kile kiadapta cha bei ndogo cha kugeuza DVI kuwa VGA hakifanyi kitu kwenye kadi hii. Ungehitaji kigeuzi cha HDMI kwenda VGA chenye chipu ndani.

Ukifunga, zima, chomoa waya ukutani, gusa chuma cha kasha, halafu weka kadi. Sakinisha draiva moja, washa upya, hakikisha inafanya kazi, ndipo uende ya pili. Kisha fungua mipangilio ya Display, chagua Extend, na uburute vile vimraba mpaka vifuate mpangilio wa mezani. Monita kuu iwe kwenye kadi yenye nguvu.

Jaribu mwenyewe uone kwa nini. Video ikiwa inacheza, buruta dirisha lake polepole kutoka monita ya NVIDIA kwenda ya Intel. Kwangu, likishavuka, shela la bibi harusi lililokuwa likipepea linaanza kwenda kwa kuruka-ruka. Picha inachorwa na kadi moja, kisha kila fremu inanakiliwa kupelekwa nyingine. Kwa hiyo video zangu hazivuki kwenda kulia; kule ni mafolda na meseji tu. Na kwenye kila waya, karibu na kichwa, nimezungushia kipande cha plasta nyeupe kilichoandikwa kwa kalamu: KATI, KUSHOTO, KULIA-INTEL, ili hata mdogo wangu akihamisha meza kufagia, arudishe kila kimoja mahali pake.